Nyota ya Miguu Sita

Kikombe kilitafuta kisahani chake gizani. Kiligonga meza, kikagonga tena, kikakwaruza ubao, kisha kikanyamaza.

Sajini Redempta alipapasa kiberiti mfukoni, akawasha kibatari kilichokuwa mezani. Moto ukasimama wima, maana madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa magunia japo nje ilikuwa saa kumi za jioni. Modesti alikuwa amekaa kitako kitandani, kikombe kimening'inia mkononi, macho yamekodoa. Yaliutazama ule moto bila kupepesa.

"Mbona hamuwashi taa?" akauliza.

Mkewe akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Pale mlangoni Konstebo Enock alirudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba.

Modesti alikuwa utingo wa lori la Felisian, tajiri wa mahindi hapo Pito. Lori hilo lilikuwa na watu watatu: Urbano dereva, Tadei mpakiaji, na yeye. Jumamosi wote watatu walionekana wakinywa pombe ya ulezi kwa Bibi Salome. Jumapili walianza kulalamika vichwa. Urbano na Tadei walikuwa wamekwisha zikwa, na kabla ya kukata roho kila mmoja aliwaambia watu wake kwamba dunia imekuwa nyeupe. Mtaa ukatoa hukumu yake pasipo hakimu: bibi kawatupia ukungu. Ikakubaliwa kwenye kikao kwamba misa ya Jumapili ikiisha na yeye bado yumo, nyumba yake itawaka. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Uchawi hauna faili," mkuu wa kituo alimwambia Redempta asubuhi ile, "lakini nyumba ikiwaka na mtu ndani, hiyo ina faili. Kafanye haraka."

Redempta akavuta kigoda, akaketi.

"Kaka Modesti, ni mimi, Redempta wa polisi. Sasa hivi unaona nini?"

"Weupe."

"Kama moshi?"

"Kama ukungu wa asubuhi ukiwa bondeni. Ila huu hauna baridi, na jua halitauondoa." Akameza mate. "Tadei alisema ni ile nyota imetutupia. Ile ya miguu sita."

"Nyota gani hiyo?"

Vidole vya Modesti vikakaza kikombe. "Nimechoka, dada. Tulikunywa kwa bibi. Andika hivyo."

"Mlikunywa sawasawa?"

"Sawasawa wapi!" mkewe akadakia. "Wenzake waligusa mrija tu wakainuka, walikuwa na safari ya Ilemba alfajiri. Huyu wangu mimi alibaki mpaka watu wakafagia chini ya miguu yake. Na Jumapili, na kichwa kinamuuma hivyo hivyo, akarudi kuumalizia mtungi! Mwanaume ana aibu huyu?"

"Kwa hiyo waliogusa mrija tu wako udongoni," Redempta akasema taratibu, "na aliyeumaliza mtungi anakunywa chai."

 Enock aliacha kuchezea kofia yake.

"Mama, huyu apelekwe hospitali leo hii," Redempta akamwambia mke. "Si kesho. Mnamficha ya nini? Hospitali hawaogopi ukungu."

Walipotoka nje upepo wa Ufipa uliwapokea, ule wa mwezi wa saba unaopita kwenye nguo kana kwamba hukuvaa. Enock akainua kola.

"Afande, mimi nasema kweli, haya mambo tuyaache. Umeyaona yale macho?"

"Nimeyaona. Wewe umeisikia hiyo nyota?"

"Nimeisikia, ndiyo maana nasema tuyaache."

*

Kwenye njia ya kwa Bibi Salome kulikuwa na matawi ya miiba yamelazwa, na kizingitini mtu alikuwa amechora mstari wa majivu. Kuku watatu walikuwa wamesimama upande wa ndani wa mstari wakiutazama, hawavuki. Redempta akaruka miiba, akakanyaga majivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alikuwa jikoni, magoti kifuani, mkanda mweusi wa ujane umechakaa shingoni. "Umekuja kunichukua au kuniona?"

"Kukuona. Mtungi wa Jumamosi uko wapi?"

"Huo hapo. Nani wa kuunywa tena?"

Mtungi ulikuwa pembeni, mirija bado imesimama ndani yake. Redempta akauinamia, akanusa. Ulezi, uchachu, moshi wa kuni. Basi.

"Ulipouweka mbele ya wageni, nani alitangulia?"

"Wee mtoto, hukulelewa na Wafipa? Mpikaji ndiye anayetangulia. Unamwagia maji ya moto, unavuta wewe kwanza, unameza watu wakikutazama koo, ndipo unampa mgeni. Nilivuta. Walivuta wavunaji wangu wote. Kuna hata mmoja aliyeumwa jino?"

"Wale watatu walifika wakoje?"

Bibi akafikiri. "Walifika wamekwisha changamka. Urbano anacheka peke yake. Nikawauliza, wajukuu, mmetokea wapi? Wakasema, kazini. Nikasema kazi gani hiyo tamu." Akageuza uso kwenye ukuta wa nyuma, ambako uzio wa mabanzi wa Felisian ulipakana na jiko lake. "Na lile linyoka lilikuwa limetoka kupumua."

Enock akashika rungu. "Nyoka gani tena, bibi?"

"La Felisian. Gari lake. Wakilifungua linapiga fyuuu, kuku wangu wanaingia uvunguni. Wengine husikia usiku wanasema ni la kwangu, nalifuga." Akacheka bila sauti. "Jumamosi lilipumua mara mbili. Ya kwanza mchana, fundi hayupo, yuko msibani. Katoto ka Felisian kalikuwa kanaimba pale pale, karibu na uzio. Fyuuu! Kakanyamaza ghafla. Kaliponyamaza vile mimi nikaacha kupepeta, nikasema kamepatwa na nini? Hakakuimba tena siku hiyo. Ya pili ni jua linazama. Ndipo hao watatu wakaja."

"Bibi, nani alisema kwenye kikao kwamba uondoke?"

"Wengi walisema. Wa kwanza ni huyo huyo jirani. Ndiye aliyetoa mbao za majeneza, sasa nani atampinga?"

*

Walimkuta Mboje, mfugaji wa Kisukuma, barabarani mbele ya ng'ombe wake, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake. Enock ndiye aliyemtaka. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Mboje alimtishia Urbano baada ya lori kumgonga ndama, na kwamba wiki ile ile alimpa Tadei chupa ya kitu.

"Mwadila, Mboje. Ile chupa ilikuwa na nini?" Redempta akamwuliza.

"Chupa? Dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa wa Tadei alijaa viroboto." Akatoa kichupa kwenye mkoba wa ngozi. "Hii hapa ndugu yake. Nusa, afande, lakini usinusie karibu."

Redempta alinusa kwa mbali na bado machozi yakamtoka. Akatia matone kwenye dimbwi la kwato. Maji yakageuka meupe pepepe.

"Weupe!" Enock akanong'ona. "Afande, umeona?"

"Nimeona weupe wa kwenye maji. Mimi natafuta wa kwenye macho. Harufu hii nani angeinywa bila kujua? Na mtu akinywa dawa ya ng'ombe anatokwa povu, anatetemeka kama kuku aliyechinjwa. Hawa daktari aliwakuta midomo mikavu, wanahema kama wametoka mbioni."

"Na mimi," Mboje akasema, "ningemtaka Urbano ningemfuata mchana, watu wakiona. Kwetu hatuna mambo ya kujificha."

"Nenda, baba. Na ukipita kwa Bibi Salome, waepushe ng'ombe wako na miiba ile."

"Miiba ile nimeiona," Mboje akajibu. "Waliilaza watu, si ng'ombe."

Walipofika hospitali, daktari msaidizi alikuwa ananawa mikono. Redempta aliiweka habari yote mbele yake kwa mpangilio: watatu wanaacha kazi wamechangamka, wawili wanakunywa pombe kidogo, mmoja anakunywa siku mbili, na huyo mmoja ndiye aliye hai.

"Kwenye masomo yetu ya jioni," akamalizia, "mwalimu wa kemia alitwambia spiriti ni ukoo, si mtu mmoja. Kuna inayolewesha."

"Na kuna inayopofusha," daktari akasema, akaacha maji yanatiririka. "Ya viwandani. Yenyewe ikiingia inachangamsha tu. Ni mwili ndio unaoipika polepole mpaka inakuwa sumu. Lakini ukiwa na pombe ya kawaida tumboni, mwili unaishughulikia hiyo kwanza, ile nyingine inasubiri na kutoka na mkojo."

"Kwa hiyo mtungi wa bibi..."

"Haukuua mtu. Kwa huyo Modesti, naweza kusema mtungi ndio uliomshikilia. Lakini spiriti ya viwandani Sumbawanga inatoka wapi? Mimi mwenyewe hapa natafuta ya kufutia sindano sipati."

*

Lori la Felisian lilisimama katikati ya uwanja kama nyumba isiyo na watu. Lilikuwa kati ya yale ya mitumba yaliyoanza kuingia tangu serikali iruhusu kila mwenye uwezo aagize chake. Lilitoka nchi za baridi, na ubavuni lilikuwa bado na maandishi ambayo hakuna mtu Pito aliyejua kuyasoma. Upepo ulipita chini yake ukitoa mluzi mwembamba.

Mtoto wa kike, umri wa kuanza shule, alikuwa akivuta kigari cha kopo kwa kamba. Alifika mbele ya lori upande wa kushoto, mahali palipokuwa na kivuli na njia fupi ya kwenda mlangoni kwao. Akasimama. Akageuza kigari, akalizunguka lori lote kwa nyuma, mkono mmoja ameuficha mgongoni.

Redempta alimtazama mpaka alipotokea upande wa pili.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Jina lako nani?"

"Jenifer."

"Kigari kizuri. Mimi nina wa kwangu nyumbani, mdogo kuliko wewe, angekipenda sana."

Jenifer akatabasamu kidogo, akakaa juu ya tofali.

Miguu ilitokea chini ya lori, ikafuatiwa na Kornel fundi, mikono imejaa grisi hadi viwikoni.

"Karibu, afande! Hapa umefika kwa daktari wa magari. Pikipiki ya kituo imezima tena?"

"Haijazima. Nataka unionyeshe kinachopiga fyuuu."

"Ah, hilo tu?" Kornel akaingiza mkono chini ya tangi la chuma, akavuta pete. Fyuuuu! Kuku wa jirani walipiga kelele nyuma ya uzio. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaruka ardhini. "Umeona? Breki za lori ni hewa. Kompresa inavuta hewa hii tunayopumua, inaibana, inapata moto. Ikifika kwenye paipu inapoa, na ikipoa inatoa maji, kama mfuniko wa sufuria. Usipoyatoa kila siku yanakaa humo. Urbano alikuwa mvivu wa kuyatoa, mwezi jana breki zilimkataa mteremko wa Ilemba. Tajiri akasema ni barafu."

"Barafu, hapa?"

"Huko lilikotoka, maji haya yanaganda ndani ya paipu. Unakanyaga breki, hupati kitu, unakwenda kumsalimia Mungu. Ndiyo maana wakaliwekea hii." Akazunguka upande wa kushoto, akapiga kwa kucha chupa nene iliyofungwa nyuma ya kichwa cha lori. "Iko kati ya kompresa na tangi la kwanza. Humu unatia spiriti. Hewa ikipita juu yake inalamba mvuke, inakwenda nao mpaka kwenye paipu zote. Spiriti ikichanganyika na maji, hayagandi. Lakini ina matunzo yake! Kwanza unatoa upepo, usipoutoa kifuniko kitakung'oa meno. Unafungua, unajaza, unaangalia mpira wa kifuniko kama haujapasuka, unaosha utambi, unapuliza kitundu cha valvu kisizibe. Joto likirudi, unaifunga ipumzike. Na hata ukiijaza, maji ya tangini lazima uyatoe. Chupa si mchawi."

Redempta hakuwa akimsikiliza tena. Aliinamia kifuniko cha ile chupa. Juu yake palikuwa na alama iliyochongwa, imejaa vumbi. Akaifuta kwa kidole gumba. Nyota. Miguu yake ilikuwa sita, na kila mguu ulikuwa na vijimatawi.

"Enock," akaita. "Njoo uone nyota yako."

Konstebo alikuja, akatazama, akavuta pumzi ndefu kuliko ya lori.

"Kornel," Redempta akasema, "humu huwa unatia nini?"

"Spiriti."

"Unaipata wapi? Daktari anaitafuta haipati."

Kornel akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Afande, unauliza kama polisi au kama mteja?"

"Nauliza kama mtu ambaye keshokutwa ataona bibi wa watu anachomwa."

Fundi akatazama uzio. Kule nyuma, jikoni kwa Bibi Salome, mfuniko wa chungu ulilia.

"Gongo," akasema kwa sauti ndogo. "Tangu gari lifike tunatia gongo. Spiriti ni spiriti, nilijisemea."

"Gongo si ina maji ndani yake?"

"Ina maji, lakini ina moto."

"Unatia maji mahali pa kuondolea maji!" Enock akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

"Wewe nyamaza, hata baiskeli huna. Basi, najaza, kesho yake imepungua. Najaza, imepungua. Nikadhani mpira umepasuka. Kumbe ni wao. Walikuwa wanaivuta kwa kibomba, Urbano na wenzake, kila jioni baada ya kushusha mzigo. Wanaita kunyonya nyota. Nikamwambia tajiri kwamba gari lako lina ndama watatu."

"Ulimwambia lini?"

"Wiki moja kabla ya msiba. Alinyamaza tu. Lakini Jumamosi mimi sikujaza, naapa kwa jina la mama yangu, nilikuwa msibani Kirando, niulizie kwa yeyote."

Mlango wa nyumba ulifunguliwa. Felisian alitoka amevaa koti zito, akawapa mikono wote wawili kwa adabu kama anayepokea wageni wa arusi.

"Afande, karibuni ndani, chai iko tayari. Baridi hii mnasimama nje?"

"Asante, mzee. Hapa panatutosha. Nani alijaza chupa hii Jumamosi mchana?"

Tajiri akamtazama Kornel, Kornel akatazama viatu vyake.

"Mimi mwenyewe," Felisian akasema. Wala hakusitasita. "Nilipitia Dar, nikaona niachane na mambo ya kuokoteza. Nikanunua spiriti yake halisi. Gari langu, chupa yangu. Kosa liko wapi?"

"Kopo lake liko wapi?"

Lilikuwa bandani, limepinduliwa chini. Redempta aliligeuza. Ubavu mmoja ulikuwa umekwanguliwa mpaka bati likang'aa, kwa kisu, na mtu mwenye nafasi; pembeni palibaki kipande cha karatasi ya njano chenye mchoro wa mfupa mmoja mweusi uliokaa mshazari, kama ile mifupa ya alama ya sumu.

"Lebo?"

"Nililinunua hivyo hivyo."

"Ulijua watu wako wananyonya chupa hii?"

"Ndugu yangu, nani hunywa kwenye gari?" Felisian akapanua mikono. "Mimi nimesikia hayo leo, kutoka kinywani mwako. Na hata ningejua, mimi si mkemia. Kwangu ilikuwa spiriti kama hiyo gongo yao, iwe nzuri kidogo tu kwa paipu. Ningejua ina madhara ningeileta nyumbani kwenye mtoto?" Sauti yake ikalainika. "Nimewazika wale vijana kwa mbao zangu. Msinibebeshe mambo ya bibi huyo. Mtaa mzima unamjua."

Alisema vizuri. Enock alishusha macho. Redempta alijua mbele ya hakimu maneno hayo yatasimama: mtu kanunua spiriti ya gari, kaitia kwenye gari, wezi wakaiiba. Neno la Kornel lingekuwa neno la mtu wa gongo. Na kopo lililokwanguliwa ni kopo lililokwanguliwa. Jumapili mtaa usingesubiri kemia.

"Basi nitachukua kidogo iliyobaki, tuipeleke ikapimwe," akasema.

Akarudi kwenye lori, upande wa kushoto, penye kivuli. Kornel alitoa upepo. Linyoka likapumua kwa mara nyingine, refu, mpaka likaisha. Kisha kila mtu uwanjani alisikia magurudumu ya kopo yakikokotwa.

Jenifer alikuwa ameinuka kwenye tofali. Alikuja mpaka ukingo wa kile kivuli, akasimama hapo, kamba ya kigari imekazwa kwa mikono miwili. Hakumtazama baba yake. Alikuwa akiutazama mkono wa Redempta, namna ulivyokuwa unapanda kuelekea kwenye ile nyota.

"Jeni, nenda ndani," Felisian akasema.

Mtoto hakwenda. Redempta aliweka vidole juu ya kifuniko, akaanza kukizungusha.

"Anti, usiguse hiyo, baba alisema inaua."